Namna ya Kuijaribu Simu Mpya Dukani Kabla ya Kutoka Nayo

Mdogo wangu alinunua simu Kariakoo, Dar es Salaam, siku ya Jumamosi. Aliishika dukani kwa dakika tano hivi, akaipenda, akalipa, akaondoka. Jioni alipoanza kuandika ujumbe, aligundua kwamba ukanda mwembamba wa chini ya kioo, pale panapokaa kitufe cha nafasi, hausikii kidole kabisa. Jumatatu aliporudi dukani, muuzaji alimjibu kwa upole kwamba simu iliondoka pale ikiwa nzima, na kwamba hakuna awezaye kujua imeanguka mara ngapi tangu Jumamosi. Mdogo wangu alijua kwamba haijaanguka hata mara moja, lakini hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo. Tangu siku hiyo nimewasindikiza ndugu na majirani kadhaa kununua simu, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata kila mara.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba dukani una simu mbili za kujaribu. Ipo simu ya maonyesho, ile iliyowekwa juu ya meza na mara nyingi imefungwa kwa waya, na ipo ile iliyomo ndani ya boksi, ambayo ndiyo utakayoondoka nayo. Simu ya maonyesho inakuambia kama aina hiyo inakufaa kwa macho yako, mkono wako na kazi zako. Simu ya kwenye boksi inakuambia kama hiyo hasa uliyopewa ni nzima na ni halali. Watu wengi huijaribu ya kwanza kwa furaha, kisha huipokea ya pili ikiwa imefungwa, wakaenda kuifungua nyumbani, na matatizo mengi yanaanzia hapo.

Maandalizi yafanyike kabla ya kutoka nyumbani. Beba simu yako ya zamani ikiwa na chaji na bando la kutosha, kwa kuwa utaitumia kuirushia simu mpya intaneti na pia kama kipimo cha kulinganishia. Beba laini zako zote mbili kama una mbili, memori kadi kama unaitumia, na spika za masikioni za waya kama wewe ni msikilizaji wa redio, maana simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya huo kama antena, na simu isiyo na tundu la waya haitakufaa hata ikisifiwa vipi. Ukiweza, nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi mitaa ya Kariakoo hufurika, muuzaji anahudumia watu sita kwa wakati mmoja, na mtu anayetaka nusu saa ya kuijaribu simu anaonekana msumbufu. Kumbuka vilevile kwamba winga anayekupokea barabarani na kukupeleka kwenye fremu fulani ya duka anaishi kwa kile anachopata juu ya mauzo. Anafanya kazi yake halali, lakini aina ya simu na kiwango cha bei viwe vimeshaamuliwa kichwani mwako kabla hujaanza kumfuata.

Ukifika kwenye meza ya maonyesho, hakikisha kwanza kwamba unachoshika ni simu kweli. Maduka mengine huweka magamba ya plastiki yenye picha iliyobandikwa mahali pa kioo, na gamba la namna hiyo haliwezi kukueleza lolote, hata uzito wake. Kama ni simu kweli, huenda unakuta inacheza video ya matangazo mfululizo, yenye samaki wa rangi na maua yanayochanua, huku mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho. Itoe kwenye video hiyo, kwa sababu imetengenezwa makusudi ili kila kioo kionekane kizuri. Fungua ukurasa wenye maandishi madogo meusi juu ya weupe, kisha usogeze juu na chini polepole. Kwenye simu za bei ya chini zenye kioo kipana cha inchi 6.6 au 6.7 ambacho ubora wake ni wa HD+ peke yake, yaani chenye vitone vichache vya picha, kingo za herufi huonekana zimechakaa kidogo, na anayesoma sana ataliona hilo kila siku. Halafu omba kusogea nayo hadi mlangoni penye jua, kama waya unaruhusu au muuzaji yuko tayari kuja nawe. Taa za dukani hazifanani hata kidogo na jua la saa saba mchana, na kioo kinachong'aa ndani kinaweza kugeuka kioo cha kujitazamia uso pindi unapokaa kituo cha daladala.

Andika ujumbe mzima kwa dole gumba la mkono mmoja, si neno moja tu. Andika kama unavyomwandikia mama yako, kwa Kiswahili, uone kama kidole kinafika pande zote na kama kiganja hakigusi kingo za kioo na kuharibu maandishi. Wakati uko hapo, badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili, hasa kama unamnunulia mzazi, usome menyu chache uone kama zinaeleweka. Kama muuzaji anaruhusu, sajili pia alama ya kidole na kuifunga na kuifungua simu mara kumi, kisha uifute. Fanya hivyo kwa kidole cha mtu atakayeitumia. Fundi ujenzi anayeshika saruji, na mama anayefua na kuosha vyombo kutwa, mara nyingi alama za vidole vyao zimesuguliwa, na kitambuzi kinachofanya kazi vizuri kwa kijana wa dukani kinaweza kuwakatalia wao mara saba kati ya kumi.

Kamera inastahili muda mrefu kuliko vitu vingine vyote vya meza ya maonyesho, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa maneno makubwa zaidi. Usiziamini namba za megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vya picha, zilizoandikwa mgongoni. Kamera ya megapikseli 50, katika hali yake ya kawaida, huunganisha vitone vinne kuwa kimoja, hivyo picha inayotoka huwa na takriban megapikseli 12.5, na ile ya 108 huunganisha tisa na kutoa 12. Si udanganyifu, kwani muunganiko huo husaidia picha za mwanga hafifu, lakini ina maana kwamba namba kubwa peke yake haikuhakikishii picha bora. Usihesabu pia macho yaliyo mgongoni. Jicho la megapikseli 2 lililowekwa kwa ajili ya kupima kina au kupiga vitu vya karibu sana mara nyingi halikuongezei kitu utakachokitumia, na jicho moja zuri linashinda matatu ya kujaza nafasi.

Badala yake, fanya hivi. Zima kwanza urembo wa sura, kwa sababu simu nyingi huja ukiwa umewashwa na hulainisha ngozi hadi mtu anafanana na mdoli. Msimamishe uliyekuja naye akiwa ameupa mlango mgongo, mwanga mkali ukitokea nyuma yake, umpige picha. Ngozi zetu nyeusi ndizo zinazoishinda kamera dhaifu katika mazingira kama hayo: ama uso unageuka kivuli kitupu, ama simu inaung'arisha kwa nguvu mpaka unakuwa na rangi ya kijivu isiyo ya mtu yeyote. Mpige tena akiwa kwenye kona yenye giza, halafu upige picha ya karatasi yenye maandishi, kisha urekodi video fupi ukitembea huku mnazungumza. Isikilize video hiyo ukiwa umeisogeza spika sikioni, maana kelele za Kariakoo ni mtihani mzuri wa maiki.

Sasa usizihukumu picha hizo kwenye kioo cha simu ya maonyesho. Kioo kizuri kinaipendezesha picha mbaya, na kioo hafifu kinaionea picha nzuri. Zirushe kwa Bluetooth kwenda kwenye simu yako ya zamani, ufanye vivyo hivyo kwa aina nyingine ya simu unayoifikiria, halafu ufungue picha za simu zote mbili kwenye kioo kimoja, uzivute hadi uone nyusi za mtu. Hapo tofauti inajitokeza yenyewe: katika picha moja utahesabu nywele za nyusi, na katika nyingine utaona mstari mweusi uliopakwa kama kwa brashi. Nimeona watu wakibadili uamuzi wa laki kadhaa kwa jaribio hili moja. Ukimaliza, zifute picha zako kwenye simu ya maonyesho, pamoja na zile zinazobaki kwenye kapu la vilivyofutwa.

Juu ya usalama wako mwenyewe, usiingize akaunti yako ya Google wala nywila yoyote kwenye simu ya maonyesho, na usiifungulie huduma ya fedha hata kama unataka kuona tu inavyofanya kazi. Simu hiyo itashikwa na mamia ya watu baada yako.

Neno moja kuhusu kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, kwa sababu hapa wanunuzi wengi hupotoshwa. Ukiona boksi au bango limeandika GB 16 kwa herufi kubwa, tafuta maandishi madogo yanayosema 8+8. Nane ya kwanza ndiyo RAM halisi, na nane ya pili ni nafasi iliyoazimwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na faili, ambayo kasi yake ni ndogo zaidi. Fungua mipangilio, uingie sehemu ya "Kuhusu simu", usome mwenyewe. Baada ya hapo fungua programu sita au saba mfululizo, kamera, ramani, kivinjari na nyinginezo, kisha urudi kwenye ile ya kwanza. Ikiwa inaanza upya kila mara kama vile haijawahi kufunguliwa, basi ndivyo itakavyokuwa nyumbani pia, na hali itazidi kuwa mbaya utakapopakia programu zako. Hapo hapo angalia toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama, na umuulize muuzaji simu itasasishwa kwa miaka mingapi. Tofauti ni kubwa mno kati ya aina na aina: Google, kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung, kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi miaka 7, wakati simu nyingi za bei nafuu hupata sasisho la mwaka mmoja au miwili.

Ukisharidhika na aina, inakuja simu yenyewe. Hapa kuna ugumu wa kweli, kwa kuwa boksi likifunguliwa simu inashuka thamani, na muuzaji ana haki ya kukataa kulifungua kwa mtu anayetaka kuangalia tu. Suluhisho ni kukubaliana kabla ya fedha kutoka mkononi. Mwambie kwa adabu, mbele ya mwenzake ikiwezekana: "Kaka, mimi naichukua. Nikishalipa tutaifungua hapa hapa mezani, niikague, na kama ina kasoro utanibadilishia kabla sijaondoka. Tumeelewana?" Muuzaji mwaminifu hukubali bila kusitasita. Anayekuambia kwamba boksi likifunguliwa basi biashara imekwisha, mshukuru na uende fremu ya pili. Ziko nyingi.

Usilitegemee ganda la nailoni la boksi kama ushahidi wa upya, kwani mashine ya kulifungia si kitu adimu. Ushahidi uko kwenye namba. Washa simu, uipite hatua ya kuweka akaunti bila kuingiza chochote, kisha upige *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo peke yake, yenye tarakimu 15, na kwa simu ya laini mbili zitatokea namba mbili. Zisome tarakimu moja moja ukilinganisha na kibandiko cha boksi, na zote zifanane. Kwa Tanzania, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na utajibiwa namba hiyo ni ya simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine kabisa tofauti na unayoishika, au likisema namba haitambuliki, usiendelee. Mwezi Juni mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia mitandao simu zenye namba bandia, na wengi walioathirika walikuwa watu waliozinunua madukani kwa nia njema.

Tazama pia simu inavyoamka. Simu mpya huanza kwa kukukaribisha na kukuuliza lugha. Ikiruka moja kwa moja hadi kwenye ukurasa wa programu, muuzaji aeleze nani aliyeiwasha na kwa nini, na ikidai akaunti ya mtu mwingine, hiyo si mpya na huenda si yake kuiuza. Kwenye iPhone kuna alama nyingine iliyo wazi: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, kisha "Kuhusu", usome namba ya modeli. Ikianza na herufi M ilitoka kiwandani kuuzwa kama mpya, F ni iliyokarabatiwa, na N ni ile iliyotolewa kufidia simu iliyoharibika. Simu ya F inaweza kuwa nzuri, lakini haiwezi kuuzwa kwa bei ya M. Na kama iPhone hiyo ililetwa kutoka Marekani, fahamu kwamba kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu zinazouzwa huko hazina kabisa tundu la laini ya kadi, hutumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi, iliyomo ndani ya simu yenyewe. Ulizia kwa mtandao wako kama wanaitoa kabla hujalipa.

Kwa kioo, lile jaribio ambalo lingemwokoa mdogo wangu halihitaji programu yoyote. Bonyeza alama ya programu mojawapo kwa muda mpaka inyanyuke, kisha uiburute polepole bila kunyanyua kidole, ukipita kona zote, kingo zote, na katikati, kama mtu anayepiga deki chumba. Mahali ambapo alama inadondoka au inasimama, kioo kimekufa hapo. Maeneo ambayo alama haifiki, kama ukingo wa chini kabisa, yamalizie kwa kufungua kibodi na kugusa kila herufi, ukianzia na kitufe cha nafasi. Kwa Samsung nyingi, kupiga *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio wenye rangi nyekundu, kijani na buluu tupu, pamoja na jaribio la kugusa, spika na mtetemo. Kwa nyingine, fungua picha nyeupe tupu na nyeusi tupu, utafute vitone visivyobadilika.

Baada ya kioo, weka laini zako zote mbili, na memori kadi pia kama unayo, kwa sababu simu nyingine zina nafasi mbili tu, hivyo ukiweka kadi unapoteza laini ya pili. Piga simu halisi kwa kila laini, uongee angalau dakika moja, na umuulize mwenzako anakusikiaje. Kioo kijizime unapoisogeza sikioni na kiwake unapoiondoa, la sivyo shavu lako litakuwa linakata simu kila siku. Kuhusu kasi ya intaneti, pima kwa kulinganisha na simu yako ya zamani mkiwa mahali palepale na kwa mtandao uleule, kwani ndani ya majengo ya Kariakoo mawimbi ni hafifu, na si haki kuilaumu simu kwa kosa la ukuta. Mwisho wa ukaguzi, chomeka chaja iliyokuja kwenye boksi uone kama asilimia inapanda. Kama boksi halina chaja, usishtuke, kwa kuwa Apple iliacha kuiweka mwaka 2020 na wengine wakafuata, lakini gharama ya kununua chaja yenye kasi inayofaa uiingize kwenye bei unayopatana.

Ndipo udai risiti ya EFD, yaani ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, nayo iwe na jina la simu, bei kamili uliyolipa, na IMEI ikiwa imeandikwa hata kwa mkono na kugongwa mhuri wa duka. Waulize waranti ni ya muda gani, inafunika nini, na matengenezo yanafanyika wapi, maana waranti ya duka na waranti ya mtengenezaji ni vitu viwili tofauti. Piga picha ya risiti na ya kibandiko cha boksi kwa simu yako ya zamani, na IMEI uiandike pia kwenye daftari linalokaa nyumbani. Siku simu ikiibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo, na wakati huo hutakuwa nayo simu ya kupigia *#06#.